Nani anakuvalisha maski?



Mara nyingi hapa tunasema juu ya vitu vinavyoonekana: maski, kaski, maji ya kunywa, chandarua, ngazi iliyovunjika. Leo tutasema juu ya kitu kisichoonekana kwa macho. Hata katika picha ya radio ya kifua hakionekani. Ni ile nguvu inayomsukuma mtu kufanya jambo jema hata kama hapana mtu anayemwangalia. Wengine wanaiita moyo wa kazi.

Tujiulize: moyo huo unatoka wapi? Je, mtu anazaliwa nao, ao anaweza kuujenga? Na mtu aliyeupoteza anaweza kuupata tena? Someni pole pole. Mwisho wa somo kuna maulizo ambayo kila mtu atajijibu mwenyewe.

1. WATU WAWILI, MASKI ZA NAMNA MOJA

Tuwatazame watu wawili wa ekipe moja. Wanashuka pamoja katika shimo, wanatoboa mwamba mmoja, wamepewa maski za namna moja.

Mtu wa kwanza anavaa maski kwa sababu ya kapita. Taa ya kapita ikionekana kwa mbali, maski inapanda puani. Taa ikigeuka, maski inashuka mpaka kidevuni. Mtu wa pili anavaa maski yake kapita awepo, kapita asiwepo.

Mwisho wa mwezi, katika buku la kapita, watu hawa wawili wanafanana. Hakuna aliyeandikiwa kosa. Lakini katika mapafu yao hawafanani hata kidogo.

Ukimuuliza wa kwanza: "Juu ya nini unavaa maski?" atakujibu: "Wakubwa wanataka." Ukimuuliza wa pili, atasema: "Nataka kupanda ngazi ya nyumba yangu bila kupumzika katikati siku nitakapokuwa mzee." Jibu la kwanza ni la mtu anayesukumwa. Jibu la pili ni la mtu anayekwenda mwenyewe. Tofauti hiyo ndiyo somo letu lote.

2. VUMBI HALIMJUI KAPITA

Tukumbushane kwanza hatari yenyewe, ili tusiseme maneno matupu.

Ndani ya mawe mengi ya migodi yetu kuna kitu kinachoitwa silisi. Mashini ikitoboa jiwe, baruti ikipasua mwamba, ao mashini ya kuvunja mawe ikisaga, silisi inatoka kama vumbi. Vumbi kubwa unaliona, unalitema, pua inalizuia. Lakini vumbi baya kuliko yote ni lile usiloliona. Punje zake ni ndogo sana: ukipanga punje 10 kwa mstari, bado hazifikii unene wa unywele mmoja wa kichwa chako. Punje hizo zinapita pua, zinapita koo, zinafika chini kabisa ya mapafu, pahali ambapo hewa inaingia katika damu. Huko hazitoki tena. Mapafu yanajaribu kuzizungushia nyama ngumu, kama mti unavyofunika kidonda chake. Miaka inapita, nyama ngumu inaongezeka, na pahali pa kupumulia panapungua. Ugonjwa huo unaitwa silikozi.

Mara nyingi unaonekana baada ya miaka 10 ao zaidi ya kukaa katika vumbi. Kama vumbi ni jingi sana, unakuja mapema. Hapana dawa inayoweza kurudisha mapafu kama yalivyokuwa. Tena, mtu mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu kwa upesi kuliko mwenzake. Kifua kikuu cha kawaida kinapona kwa dawa zinazokunywewa miezi 6 bila kukatiza, silikozi inabaki.

Masikio nayo ni vilevile. Kelele ikifika desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, masikio yanaanza kuharibika pole pole bila maumivu. Kama unapashwa kupaza sauti ili mtu aliye karibu nawe, umbali wa mkono, asikie, ujue kelele imepita kipimo. Na masikio yaliyokufa kwa kelele hayafufuki.

Sasa angalia jambo hili. Kapita anaweza kukuona labda mara 4 ao 5 katika posti moja. Vumbi linakuona saa zote 8. Mtu anayengoja macho ya kapita ili ajilinde, analindwa dakika chache tu. Ndiyo maana katika kazi ya usalama, nguvu ya nje haitoshi. Haitoshi hata kama kapita ni mkali namna gani.

3. NGUVU YA NJE NA NGUVU YA NDANI

Nguvu ya nje ni zile sababu zinazotoka kwa watu wengine: azabu, kukatwa mshahara, zawadi, sifa mbele ya watu. Nguvu ya ndani inatoka kwako mwenyewe: unapenda kazi hiyo, ao unajua maana yake, ao unaona inakufanya kuwa mtu unayetaka kuwa.

Msifikiri tunadharau mshahara. Mtu hawezi kula moyo wa kazi pamoja na sombe. Mshahara ni haki, na mtu asiyelipwa vizuri anapoteza hata ile nguvu ndogo aliyokuwa nayo. Lakini kuna jambo la ajabu ambalo wenye elimu ya mafikiri ya watu wameliona.

Katika mwaka 1971, bwana mmoja wa Marekani, Edward Deci, alitoa habari ya majaribio yake. Aliwapa wanafunzi mchezo wa vipande ambavyo mtu anaviunganisha ili kufanya sura mbalimbali. Mchezo wenyewe unapendeza. Wanafunzi wa kundi moja hawakulipwa kitu. Wa kundi la pili, siku ya pili ya jaribio, walilipwa dola moja kwa kila sura waliyomaliza. Siku ya tatu hapana aliyelipwa tena. Kisha akawa anatoka katika chumba kwa dakika chache, na kuwaacha wafanye wanavyotaka: kuendelea na mchezo, kusoma gazeti, ao kukaa tu. Wale waliokuwa wamelipwa wakaucheza muda mfupi kuliko walivyoucheza siku ya kwanza, kabla ya malipo. Feza iliondoka, na hamu ikaondoka pamoja nayo. Tena Deci aliona kwamba neno jema la kumwambia mtu amefanya vizuri halikuua hamu yake, liliiongeza.

Tunajifunza nini hapo? Kama sababu yako yote imefungwa kwa kitu cha nje, siku kitu hicho kikikosekana, unabaki mtupu. Zawadi ya usalama ni nzuri, tuipokee kwa shukrani. Lakini usiiruhusu kuwa sababu ya pekee. Mwaka ambao hapana zawadi, vidole vyako bado ni kumi, na bado unavihitaji.

4. MIZIZI MITATU YA MOYO WA KAZI

Deci na mwenzake Richard Ryan waliendelea na uchunguzi huo kwa miaka mingi. Mafundisho yao tunaweza kuyafupisha kwa mizizi mitatu. Mti ukipata maji katika mizizi hii, unasimama, ukikosa, unakauka.

Mzizi wa kwanza ni kuchagua. Mtu anapenda kuona kwamba jambo ni lake. Utasema: "Katika shimo mimi sichagui kitu. Ninaambiwa tu." Ni kweli, posti yako imepangwa, na maski ni sharti. Lakini sababu ya kuvaa maski hakuna anayeweza kukupangia. Hiyo unachagua wewe. Sharti likipata sababu yako ndani yake, linaacha kuwa mzigo wa mwingine.

Mzizi wa pili ni kuweza. Mtu hapendi jambo linalomshinda kila siku. Anapenda lile analoliona likiendelea mikononi mwake. Ndiyo sababu fundi anayejua mashini yake anaipangusa bila kuambiwa.

Mzizi wa tatu ni kuwa pamoja na wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu anayejua kwamba ekipe inamhitaji na nyumba inamngoja, anapata nguvu ambayo mtu wa peke yake haipati.

Ninyi makapita mnaosoma, mizizi hii ni yenu pia. Ukimfokea mtu mbele ya wenzake, utamfanya avae maski mbele yako. Ukimweleza sababu, ukimfundisha mpaka aweze, ukimheshimu kama ndugu, utamfanya avae maski nyuma yako. Chagua ni ipi unayotaka.

5. KUGEUZA MAFIKIRI

Katika dispansere tunasikia maneno yanayorudi kila siku. Ni maneno mafupi, lakini yanafunga mlango. Tuyatazame matatu.

Neno la kwanza: "Saa yangu ikifika, imefika." Hatubishani na imani ya mtu. Siku ya kufa Mungu anaijua. Lakini silikozi si siku ya kufa. Ni miaka ya kukaa kitandani ukitafuta hewa, na watoto wakikutazama. Mkulima anayemwamini Mungu hupalilia shamba lake. Vilevile mfanya kazi anayemwamini Mungu anafunga mkanda wake.

Neno la pili: "Nimefanya kazi hii miaka 15, hapana kitu kilichonipata." Huyo anasema kweli juu ya jana. Lakini vumbi halipigi kelele likiingia. Miaka 15 bila kikohozi haionyeshi kwamba mapafu ni mazima. Radio ya kifua na kipimo cha pumzi ndivyo vinavyoonyesha. Na hata kama umekwisha kuvuta vumbi, maski ya leo ina faida: inazuia lile la kesho lisiongezwe juu ya lile la jana.

Neno la tatu, na ndilo baya zaidi: "Mimi ndivyo nilivyo. Nimezeeka, siwezi kujifunza tena." Hili linaua maendeleo ya mtu katika kila jambo: kusoma, mashini mpya, kuacha pombe, kuzungumza vizuri na mke wake.

Je, ni kweli kwamba kichwa cha mtu mzima hakijifunzi? Hapana. Katika mji wa London, Uingereza, mtu akitaka kuendesha taksi anapashwa kushika kichwani njia za mji, barabara zipatazo 25,000. Masomo hayo yanachukua miaka 3 ao 4. Watafiti walipiga picha za ubongo wa watu 79 walioanza kujifunza, kisha wakazipiga tena baada ya miaka. Habari ikatolewa mwaka 2011. Kwa wale 39 waliofaulu, sehemu moja ya ubongo inayoshika njia na pahali ilikuwa imeongezeka. Hawa hawakuwa watoto wa shule. Walikuwa watu wazima. Ubongo ukipewa kazi unajijenga, sawa mkono wa mtu anayepasua kuni.

Basi tutoe neno lile "siwezi," na tuweke mbele yake neno dogo: "bado." Siwezi bado kusoma. Sijajua bado mashini hii. Sijaacha bado lutuku. Carol Dweck, mwalimu wa Marekani aliyeandika mengi juu ya jambo hili, anafundisha kwamba mtu anayefikiri akili yake inaweza kukua haogopi kosa sawa yule anayefikiri akili yake imekwisha kupimwa. Kwa huyu, kosa ni hukumu. Kwa yule, kosa ni mwalimu.

Lakini tusidanganyane. Kusema "bado" bila kufanya kitu ni sawa kuweka chungu juu ya mafiga bila moto. Neno linafungua mlango. Miguu ndiyo inayoingia.

6. NAMNA YA KUANZA

Hapa kuna mambo matano ya kufanya. Usiyaanze yote siku moja. Chukua moja, likikaa vizuri, ongeza la pili.

a) Tafuta sababu yako mwenyewe. Si sababu ya kompani, si sababu ya munganga. Kaa kimya jioni moja ujiulize: "Juu ya nini nataka kubaki na macho yangu, mapafu yangu, mikono yangu?" Mmoja atajibu: nataka kumaliza nyumba. Mwingine: nataka kumsikia mjukuu wangu akiimba. Andika sababu hiyo kwa maneno machache kwenye karatasi, uibandike ndani ya sanduku lako la nguo za kazi. Utaiona kila asubuhi kabla ya kuvaa salopeti.

b) Chagua hatua ndogo. Mtu anayesema "tangu leo nitakuwa mtu mpya" anachoka siku ya tatu. Sema: "Wiki hii nitaosha maski yangu na kuangalia mikanda yake kila mwisho wa posti," ao "Nitasoma ukurasa mmoja kila siku." Albert Bandura, mwenye elimu hiyo hiyo, alionyesha mwaka 1977 kwamba kitu kinachomfanya mtu aamini anaweza, kupita maneno yote ya kumtia moyo, ni kuona amefaulu yeye mwenyewe, hata katika jambo dogo. Cha pili ni kumwona mtu wa namna yake akifaulu. Basi tafuta mmoja wa kambi yako aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, umuulize alianza namna gani.

c) Funga hatua yako na pahali ao wakati. Peter Gollwitzer, bwana wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 kwamba watu wanaopanga kwa namna ya "kama hivi, basi hivi" wanatimiza nia zao kupita wale wanaosema tu "nitajaribu." Kwa mfano: "Kama nimefika penye mlango wa shimo, basi ninajaribu maski kwa kuvuta pumzi na kusikia kama hewa inapita pembeni." "Kama nimemaliza kula bukari ya jioni, basi ninachukua kitabu." Mlango na sahani ndivyo vinavyokukumbusha, hata siku ambayo kichwa kimechoka.

d) Hesabu siku, usikate tamaa. Katika uchunguzi wa London uliochapishwa mwaka 2010, watu 96 walijaribu kuingiza desturi moja mpya katika siku zao, kama vile kunywa maji wakati wa chakula. Kwa hesabu ya katikati ilichukua siku 66 mpaka jambo lijifanye lenyewe bila kufikiri. Wengine walipata upesi, siku 18. Hesabu ya wengine ilifika siku 254. Basi kama wiki ya tatu bado unajilazimisha, wewe si mvivu. Bado uko njiani. Na waliona tena kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi yote. Umesahau jana? Anza leo. Chora vyumba vidogo 66 kwenye karatasi, na kila siku tia alama katika kimoja.

e) Tafuta mwenzako. Wawili wakiangaliana maski kabla ya kushuka, hapana mmoja anayeona haya. Mwambie: "Ukiona maski yangu imeshuka, niguse bega." Mtu anayekugusa bega si mpelelezi. Anaokoa pumzi yako.

7. NYUMBANI

Mama, wewe unaweza kumsaidia baba kupita munganga. Lakini angalia namna ya kusema. Ukimwambia kila siku, "Utakufa na kutuacha," unaongeza woga, na woga ni nguvu ya nje. Mwulize badala yake: "Baba, mashini ile mpya unaijua sasa?" Mwache akueleze. Mtu anayeeleza kazi yake mbele ya jamaa yake anaiheshimu zaidi. Salopeti yenye vumbi ifuliwe mbali na vyombo vya chakula, iloweshwe kwanza majini kabla ya kukung'utwa, ili vumbi lisiingie katika mapafu yako na ya watoto.

Na wewe mwenyewe, mama, kukua si kwa baba peke yake. Kushona, hesabu za biashara ndogo, kusoma: vyote vinafuata njia ile ile. Hatua ndogo, wakati wake, siku 66.

Kwa watoto, tuangalie namna ya kusifu. Mtoto akileta nambari nzuri kutoka shuleni, usiseme tu, "Una akili." Siku akipata mbaya, atafikiri akili imekwisha. Sema, "Nimeona ulivyofanya bidii." Bidii anaweza kuiongeza kesho.

8. KAMA MOYO UMEKUFA KABISA

Sasa ninasema kama mtu wa dispansere. Kuna mtu anayekosa moyo wa kazi, na kila mtu anamwita mvivu, kumbe ni mgonjwa. Malaria isiyomalizwa kwa dawa inachosha. Damu kupungua inachosha. Ugonjwa wa sukari na kifua kikuu vinachosha. Mtu wa posti ya usiku ambaye mchana halali kwa sababu ya kelele ya kambi, hawezi kuwa na akili nyepesi. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 hivi, hata kama ni mchana. Tafadhali majirani, mpunguze radio.

Tena kuna ugonjwa wa huzuni. Kama kwa muda wa wiki mbili ao zaidi mtu hapendi tena kitu alichokipenda, hali chakula vizuri, halali, anajiona si kitu, ao anafikiri ingefaa afe, huo si uchawi wala si uvivu. Ni ugonjwa, na una matunzo. Njoo kwetu, ao umlete ndugu yako. Usiutibu kwa lutuku. Lutuku inakopesha furaha ya saa mbili, kesho inadai deni lake pamoja na faida.

9. SI MZIGO WA MFANYA KAZI PEKE YAKE

Neno moja lazima lisemwe wazi. Tunaposema juu ya nguvu ya ndani, hatusemi kwamba kila ajali ni kosa la mwenye kuumia. Moyo mzuri hauwezi kuleta hewa katika shimo ambalo mashini ya hewa imesimama. Moyo mzuri hauzibi tundu la maski iliyochakaa. Maji ya kulowesha jiwe wakati wa kutoboa, hewa safi, maski inayofaa uso, kipimo cha kifua: hivyo ni wajibu wa mwenye kazi. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema juu ya afya na usalama wa wafanya kazi, na juu ya komite ya usalama na usafi pahali pa kazi.

Basi mtu mwenye nguvu ya ndani si yule anayevumilia kila kitu na kunyamaza. Ni yule anayesema kwa heshima: "Kapita, maji hayatoki katika mashini yangu, vumbi linapanda." Anasema leo, na kesho akiona bado, anapeleka neno kwa komite. Mtu wa kwanza tuliyemtaja, yule wa maski kidevuni, hatasema kitu, kwani kwake vumbi ni jambo la wakubwa. Mtu wa pili atasema, kwani mapafu ni yake.

10. MAULIZO YA KUJIJIBU

Mkusanyike jioni, mmoja asome, wengine wasikilize. Kila mtu ajibu katika moyo wake, ao kwa sauti kama anataka.

– Kama kapita hatapita leo hata mara moja, nitavaa maski yangu kwa muda gani?
– Sababu yangu mwenyewe ya kujilinda ni nini? Je, ninaweza kuisema kwa maneno kumi?
– Ni jambo gani nilisema "siwezi," ambalo ningeweza kusema "siwezi bado"?
– Hatua yangu ndogo ya wiki hii ni ipi? Nimeifunga na pahali gani, ao na wakati gani?
– Ni nani nimemruhusu anigusе bega?
– Kuna mtu katika nyumba ao ekipe yangu ambaye amepoteza moyo kwa zaidi ya wiki mbili? Nitamsindikiza dispansere siku gani?

Karatasi ya vyumba 66 ni rahisi kuichora: safu 6 za vyumba 11. Anayetaka kusaidiwa kuichora, ao anayetaka kuuliza juu ya radio ya kifua chake, aje dispansere kabla ya posti ao baada ya posti. Hata wa posti ya usiku tunampokea asubuhi akitoka, kabla hajalala.

Mukae na afya njema.